Unamshikia Nani?

Jumatatu, kabla chai haijapoa, Subilaga Mwakalobo alijiandikisha hospitalini kwa kichwa kisichomuuma. Aliisogeza bangili ya mkononi karibu na mdomo, akasema kwa sauti ya mgonjwa, "Naumwa kichwa." Mshenga, mashine ya foleni inayosema kupitia bangili, ambaye hajawahi kumwita mtu mwongo, akampa pole na kumuuliza anachagua hospitali gani. "Bondeni," akajibu. Akapewa nafasi ya 571. Kisha akamaliza chai, akavaa koti, akaenda kazini. Na kazi yake, Mungu amsamehe, ilikuwa kuhakikisha watu hawafanyi kitu kama hicho.

Alikuwa mpima foleni mkuu wa Baraza la Tiba. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu, mahali ambapo baridi ya Mbeya huingia bila kubisha hodi, na ukuta mmoja mzima ulikuwa ubao wa kioo wenye hospitali tatu za mji. Ijumaa ya wiki hiyo ubao ulisema hivi: Kilimani, siku mbili. Ng'ambo, siku tatu. Bondeni, watu 611, siku kumi na tisa.

"Kumi na tisa!" alisema Mheshimiwa Ambokile Mwasandube, mwenyekiti wa Baraza, akiwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. "Binti Mwakalobo, jana ilikuwa ngapi?"

"Kumi na nane, Mheshimiwa."

"Na juzi?"

"Kumi na saba na nusu."

Mwenyekiti akasonya. Ubao, kama uliokuwa ukimsubiri, ukalia mlio mdogo. Mtu fulani huko Uyole alikuwa ameamka na mgongo. Sauti ya Mshenga ikajaa chumbani, ya upole, yenye heshima zake zote.

"Shikamoo, baba. Pole kwa mgongo. Kilimani utaonwa na bingwa baada ya siku mbili. Ng'ambo, siku tatu. Bondeni, siku kumi na tisa. Unachagua ipi?"

"Bondeni," akasema mzee wa Uyole, bila hata kumeza mate.

"Umesikia?" Mwenyekiti akajipiga paja kwa kofia. "Mtu anafunguliwa mlango, anapita dirishani! Madaktari wa Kilimani wanacheza bao, na wa Bondeni wanakufa kwa uchovu. Haya. Leo ni siku ya saba juu ya kumi na mbili. Sheria unaijua."

Subilaga aliijua kuliko jina la ukoo wake. Kipengele cha Tisa kilisema foleni ya hospitali yoyote ikizidi siku kumi na mbili kwa wiki nzima, Mshenga ataacha kuuliza na kuanza kupanga. Hakutakuwa tena na "unachagua ipi." Utaumwa, bangili itakuambia nenda pale, nawe utakwenda. Funguo zilikuwa mbili, mmoja wa mwenyekiti na mwingine wa mpima foleni, na zikishazungushwa pamoja hazirudi nyuma kwa miaka mitano.

"Saa kumi jioni tunakutana," alisema mwenyekiti. "Njoo na ufunguo. Na hivi vichwa, umepata maelezo?"

Hapo Subilaga akajifanya anatafuta kalamu. Kati ya watu 611 wa Bondeni, zaidi ya mia tano walikuwa wanaumwa kichwa. Tayari kulikuwa na wataalamu wa milipuko ya magonjwa waliopangiwa kuja Jumatatu na vifaa vyao vya kupima maji, hewa na panya. Cha ajabu zaidi, wengi wa wenye vichwa hivyo walipofikiwa zamu walikuwa wanapona papo hapo, mlangoni kwa daktari. Subilaga alikuwa ameandika katika ripoti kwamba huenda ni woga wa sindano.

"Bado naangalia, Mheshimiwa," alisema, na masikio yake yakapata joto. Alijua kichwa kimoja kati ya hivyo, na alidhani ndicho pekee cha uongo. Bangili inasoma mapigo ya moyo, joto, sukari na presha, lakini kichwa hakina kipimo. Ilimchukua mtaalamu kama yeye, mwenye shahada mbili, kuutambua upenyo huo. Ndivyo alivyojidanganya.

*

Mama yake alipiga simu saa tatu, kutoka Tukuyu. Alikuwa na tezi la shingo ambalo kwa miaka mingi lilikaa kimya kama mgeni mwenye adabu, na mwaka huu likaanza kubana. Akivuta pumzi, ulisikia filimbi nyembamba.

"Suba, mwanangu. Tumefika ngapi?"

"Mia nne na mbili, mama."

"Mh. Inatembea."

"Inatembea." Kwa kweli ilikuwa inatembea haraka kuliko hesabu zake, na hilo nalo alikuwa hajajiuliza sawasawa. "Mama, nikuulize tena. Kilimani ni siku mbili tu. Madaktari ni wazuri, mashine zote ni mpya."

"Kuna jiko?"

Kilimani hakukuwa na jiko la ndugu. Chakula kilitoka ukutani kwenye kisanduku, cha moto, kimepimwa chumvi, na ndugu walimtazama mgonjwa kupitia kioo.

"Mimi sikatai mashine zao," alisema mama, akavuta filimbi yake. "Lakini nikishapasuliwa shingo, nikifumbua macho, nataka nimwone mtu ninayemjua ananikorogea uji. Kule mgonjwa analala kama mzigo uliosahaulika stendi. Siendi. Wakinipangia huko, nitabaki hapa na migomba yangu."

Na angebaki kweli. Subilaga alimjua mama yake. Angekataa kwa miaka mitano yote, na tezi lisingengoja miaka mitano. Daktari wa Tukuyu alikuwa amesema miezi, na aliposema hivyo alitazama chini.

"Nani yuko nawe hapo?"

"Nani awepo? Lusajo yuko kazini. Tumpe katoka tangu juzi, sijui kaenda wapi."

Tumpe alikuwa mke wa Lusajo, kaka yake Subilaga. Mawifi hao walikuwa hawasemeshani tangu Pasaka, siku ambayo Subilaga alimwambia mbele ya wageni kwamba anamwachia mama mkwe wake mzigo wa kuugua peke yake. Katoka tangu juzi! Subilaga alihisi hasira ile ya zamani ikipanda. Basi ni yeye peke yake mwenye mama, na kwa nafasi ile ya wizi. Jioni, kwa mkono wake mwenyewe, angezungusha ufunguo wa kuifuta.

Alichukua koti. Kama ni lazima afanye hivyo, alitaka kwanza aione hiyo foleni kwa macho. Alikuwa ameipima kwa miaka sita na hajawahi kuitembelea.

*

Bondeni ni hospitali ya matofali ya zamani, paa za bati, na bustani ya mboga mahali ambapo wengine wangeweka maegesho. Subilaga alitegemea kukuta watu wamelala kwenye korido. Alikuta mabenchi mawili, na wagonjwa wapatao kumi na watano wakisubiri zamu zao kwa utulivu, mmoja wao akisinzia.

"Wengine wako wapi?" akamuuliza Sista Atuganile, muuguzi mkuu, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Wengine gani?"

"Foleni! Watu mia sita na kumi na mmoja."

Sista akamtazama kwa huruma ambayo wauguzi huwatunzia watu wa ofisini. "Nenda jikoni," akasema.

Jiko la ndugu lilikuwa banda refu nyuma ya wodi, lenye majiko kumi na mawili ya umeme na moja la kuni ambalo hakuna mtu aliyekubali liondolewe. Kelele zake zilisikika tangu uani. Ndani kulikuwa na watu zaidi ya themanini, wakimenya ndizi, wakichambua maharage, wakibishana habari za mpira, na mzee mmoja alikuwa anashona kiatu. Wote walikuwa na bangili mkononi. Wote, kwa kumbukumbu za Mshenga, walikuwa wanaumwa kichwa. Subilaga hajawahi kuona wagonjwa wenye afya kama wale.

Mwanamke mmoja aliyekuwa na beseni la ndizi mapajani akamsogezea kigoda na kisu, akamsalimu kwa lugha ya kwao. "Karibu, mwenzetu. Ugonile? Wewe unamshikia nani?"

"Eti?"

"Nafasi. Unamshikia nani? Mimi ni shemeji yangu, ana figo. Huyu mama hapa anamshikia jirani. Yule kaka kule, baba wa mke wake. Anamwogopa huyo mzee, hivyo yuko hapa tangu jana."

Subilaga akakaa. "Nyie wote mnashikia watu?"

"Sasa mgonjwa ndiye akae foleni?" Mwanamke alishangaa kweli. "Mtu anaumwa, unamweka kwenye benchi la baridi wiki mbili akikodolea bangili, na ikiita asipofika ndani ya saa moja anarudishwa mwisho? Mgonjwa anakaa kwake, anajifunika. Mzima ndiye anayesubiri. Zamu ikifika tunampigia simu."

"Na shemeji yako, ni wewe tu unayemshikia?"

"Ee! Tuko tisa." Akahesabu kwa kisu. "Kaka mkubwa alianza. Sasa kama mkubwa kashika, mimi nikae tu? Watasema siku ya msiba kwamba fulani hakuonekana. Mdogo naye akashika. Mke wa mdogo naye, maana ndiye mgeni kwenye ukoo. Zamu ya kwanza itakayofika ndiyo atakayoingia nayo. Sisi wengine vichwa vitapona." Akacheka, na waliokuwa karibu wakacheka naye.

Subilaga akauficha uso wake viganjani. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Siku nne nzima alikuwa ametembea na dhambi yake kama mtu aliyeiba sadaka, kumbe kanisa zima lilikuwa na mkono ndani ya kapu.

*

Sista Atuganile alimpa chai ya tangawizi ofisini kwake. "Tangu lini?" Subilaga akauliza.

"Tangu Mshenga aje. Kabla ya hapo walikuwa wanaweka kikapu au kandambili kwenye mstari, tunajua hii ya nani, hii ya nani. Mkaleta bangili. Kandambili haina bangili."

"Mbona hamkutuambia?"

"Mlituuliza?"

Hawakuuliza. Hapo, kikombe kikiwa kinamchoma vidole, Subilaga aliiona mashine yote kama ilivyo. Mshenga alihesabu kila jina kuwa mtu mmoja, na mabingwa wa Bondeni huona watu thelathini na wawili kwa siku. Gawanya 611 kwa 32, unapata siku kumi na tisa. Mshenga akawatangazia watu: siku kumi na tisa. Watu wakaogopa. Waliokuwa na washikaji wanne wakaongeza watatu. Majina yakapanda, siku zikapanda, hofu ikapanda, na kila asubuhi Mshenga aliwatangazia hofu yao wenyewe kwa sauti ya upole. Foleni ilikuwa inajilisha. Ilianza na ugonjwa kidogo, ikanenepa kwa mapenzi na woga wa maneno ya ukweni.

Alihisi kicheko kikimjia, na nyuma yake faraja kubwa kiasi kwamba machozi yalimlengalenga. Hakukuwa na siku kumi na tisa. Pengine hazikuwa hata saba. Angeweza kuthibitisha, na Kipengele cha Tisa kingekosa miguu ya kusimamia.

"Usifurahi mapema," alisema Sista, akimwangalia juu ya miwani. "Kujiandikisha ugonjwa usio nao adhabu yake nini?"

Faraja ikasimama njiani. Mwaka mmoja bila haki ya kuchagua. Angewaokolea watu wote uchaguzi wao kwa kuwanyang'anya hawa waliokaa jikoni, watu ambao kosa lao ni kwamba hawakutaka mgonjwa wao apigwe na baridi. Na wote wangehukumiwa kwa ushahidi wake yeye, mwenye kosa lilelile. Akinyamaza, ufunguo unazunguka saa kumi, na mama yake anabaki na migomba. Akisema, anawauza mia tano.

Alikunywa chai yote bila kuonja tangawizi.

"Sista," akasema mwishowe, "nikiwauliza, watasema kweli?"

"Inategemea anayeuliza ameanza na nini. Mficha maradhi, kilio humfichua, hilo wanalijua. Lakini mtu wa serikali akikuuliza swali, kwanza unatafuta mlango uko wapi."

*

Alifanya kazi palepale, mezani kwa Sista, kati ya mafaili na sahani ya karanga. Kumfundisha Mshenga swali jipya lilikuwa jambo la dakika kumi. Kilichomchukua muda ni jambo la pili, na hapo mkono wake ulisita mara tatu. Alimwamuru Mshenga kwamba katika kila jibu atunze jina la mgonjwa anayeshikiwa na idadi ya wanaomshikia, na jina la mshikaji alisahau palepale, asiliweke popote, asiweze kulikumbuka hata akiulizwa na mahakama. Amri ya namna hiyo haifutiki. Mpima foleni aliyeapa kutunza kumbukumbu zote alikuwa anatupa kumbukumbu mia tano kwa makusudi, na alijua vizuri itaitwaje hiyo saa kumi. Jina moja tu aliliacha.

Saa sita na nusu bangili 611 ziliita kwa pamoja. Jikoni kelele zilikatika ghafla.

"Jina langu ni Subilaga Mwakalobo," ilisema sauti, na haikuwa ya Mshenga. Ilikuwa yake mwenyewe, ikitetemeka kidogo. "Mimi ndiye mpima foleni. Jumatatu nilisema naumwa kichwa. Siumwi. Namshikia nafasi mama yangu, ana tezi. Saa kumi leo tutapoteza sote haki ya kuchagua hospitali, kwa sababu foleni inaonekana ndefu kuliko ilivyo. Jina lako halitatunzwa. Nimelifuta kabla hujalisema, na kama nimekosea, nitajibu mimi. Mgonjwa wako hapotezi kitu. Atachukua nafasi ya mbele kuliko zote alizoshikiwa. Naomba uniambie tu: wewe unamshikia nani?"

Subilaga aliutazama ubao mdogo wa mezani. 611. Dakika ikapita. 611. Sista akatafuna karanga moja, taratibu.

Kutoka jikoni ikasikika sauti ya yule mwanamke wa ndizi, kubwa, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto: "Namshikia shemeji yangu, Gwantwa! Figo!"

Wenzake sita waliomshikia Gwantwa wakajibu naye. 605.

Kisha mtu mwingine, na mwingine. Mzee mshona kiatu alitaja jina la mke wake kwa sauti ya chini, akajifuta uso kwa ngozi ya kiatu. Mmoja huko Kyela alijibu kwa tusi zito, kisha akamtaja shangazi yake. 540. 466. Wagonjwa walikuwa wanakunjwa kwa pamoja, tisa wanakuwa mmoja, sita wanakuwa mmoja. 302. Kufikia saa nane walikuwa wamejibu wote isipokuwa tisa, na hao tisa akawahesabu kuwa wagonjwa bila kuwauliza zaidi.

158.

Siku tano kasoro kidogo.

"Ndaga," alinong'ona, akishukuru kwa lugha ya kwao bila kujua anamshukuru nani, na Sista Atuganile akampiga mgongoni kofi la furaha lililomkohoza.

Kisha akatafuta jina la mama yake. Alitegemea kuona mshikaji mmoja. Ubao ulionyesha watano, na kati ya nafasi zao tano, iliyo mbele kabisa ilimweka mama katika nafasi ya kumi na nne. Leo. Jioni hii. Akampigia simu huku vidole vikikosea.

"Leo?" mama akapiga kelele. "Leo vipi? Sijaoga! Nina maharage jikoni!"

"Acha maharage, mama! Mwite Lusajo!"

*

Mwenyekiti aliingia kikaoni saa kumi kamili, akiegemea meza, kisha kiti, kisha meza tena mpaka akafika mahali pake. Alilinyoosha goti kwa mikono miwili kama mtu anayepanga kuni. Hakupenda mtu amwulize, na hakuna aliyemwuliza. Wajumbe wanne wakakaa. Subilaga akaweka ufunguo wake mezani na kuwaeleza yote, kuanzia kichwa chake mpaka cha mtu wa mwisho.

Alipomaliza, mwenyekiti aliuangalia ubao kwa muda mrefu. "Siku tano."

"Kasoro, Mheshimiwa."

"Basi Kipengele cha Tisa hakituhusu." Aliusogeza ufunguo wake mwenyewe ndani ya droo, na Subilaga akahisi mabega yake yakishuka. "Tumepona hilo. Sasa lingine. Watu mia tano na kumi na tano wameidanganya serikali. Nipe majina."

"Sina, Mheshimiwa."

"Unayo. Mshenga hasahau."

"Nilimfundisha kusahau. Limebaki moja, langu."

Mjumbe mmoja akakohoa. Mwenyekiti hakukasirika kwa sauti. Alikuwa wa aina ile inayokasirika kwa maandishi. Akaandika. Akasoma alichoandika: Subilaga Mwakalobo hatashika ufunguo tena, atabaki kazini chini ya mtu mwingine, na kwa mwaka mmoja akiugua atakwenda atakapopangiwa. Akamwuliza kama ana la kusema.

"Sina," alisema Subilaga. Alisubiri uchungu uje, ukachelewa. Alihisi wepesi tu, kama aliyetua ndoo.

"Nionyeshe orodha ya wagonjwa, angalau hiyo," alisema mwenyekiti. Akaivuta karibu, akaipitia kwa kidole, jina kwa jina, kwa sababu alikuwa mtu makini hata katika hasira. Karibu na katikati kidole kikasimama.

Subilaga alijua kidole kimefika wapi. Aliliona jina hilo mchana, akadhani ni la mtu mwingine.

"Hapa pameandikwa Ambokile Mwasandube," alisema mwenyekiti. "Goti."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mimi sijamwambia mtu habari za goti langu." Alikuwa mjane wa miaka mitatu, aliyekula chakula cha jioni peke yake katika nyumba kubwa, na mji wote ulijua anavyolalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana habari na wazee wao. "Nani kaniandikisha?"

"Sijui. Nimeyafuta majina."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Akalirudia neno hilo bila sauti, midomo tu. Akawa kama anawahesabu: wanawe, wakwe zake, jirani labda, labda hata yule dereva anayemfokea kila asubuhi. "Na huwezi kabisa kujua ni akina nani?"

"Siwezi, Mheshimiwa. Ndivyo nilivyowaahidi."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ingali na ukungu. "Basi," alisema polepole, "itabidi niwashukuru wote ninaowajua. Maana nitamkosea nani?" Akageuka upande wa mjumbe aliyekuwa anaandika kumbukumbu. "Andika kwamba swali la Binti Mwakalobo liwe swali la kudumu la Mshenga. Na kile kifungu cha adhabu kiletwe kikao kijacho. Nitakileta mimi mwenyewe. Kikao kimefungwa, nina mahali pa kwenda."

Adhabu ya Subilaga hakuigusa. Sheria ni sheria, na jina lilikuwepo.

*

Subilaga alifika Bondeni akiwa anakimbia nusu, anatembea nusu. Jua lilikuwa limeshuka kwenye mabati, na korido ilinuka dawa na ndizi za kuchemsha. Mama alikuwa kwenye benchi la kwanza, amejifunga kitenge kipya, uso umepakwa mafuta unang'aa. Alikuwa ameoga kweli. Filimbi ya pumzi yake ilisikika tangu mlangoni.

"Umechelewa," alisema mama, akampa mkono aushike.

Subilaga hakupata nafasi ya kujitetea. Mlango wa bingwa ukafunguka na Sista Atuganile akatoka na karatasi. "Nafasi ya kumi na nne! Daktari ameshaona picha za kutoka Tukuyu. Anataka kumpasua kesho asubuhi, na anataka kuongea na ndugu kwanza. Ndugu wa mgonjwa huyu ni nani?"

Wakasimama watano.

Lusajo alisimama akiwa bado na ovaroli ya kazini. Jirani wa mama kutoka Tukuyu, mama wa kwaya ambaye Subilaga alimjua kwa sauti tu, alisimama na kikapu chake. Katekista mzee alisimama kwa msaada wa fimbo. Subilaga alikuwa amesimama tayari. Na mwisho wa benchi, akitokea upande wa jikoni huku akijipangusa unga wa uji mikononi, alisimama Tumpe, amechoka, bangili ikining'inia, na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala kwake siku mbili.

Walitazamana. Subilaga alitafuta neno la kuomba radhi, akakuta yote ni madogo. Aibu ilimpanda mpaka kwenye nywele, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na furaha isiyo na adabu hata kidogo.

"Mmoja tu," alisema Sista. "Chumba ni kidogo."

"Wifi," Subilaga akaanza.

"Nenda wewe, wifi," alisema Tumpe, na kwa mkono wake wenye unga akamsukuma taratibu kuelekea mlangoni. "Ingia naye. Sisi tupo."